Sifuri ya shimo la taka

Alikuja dukani kama saa nne asubuhi, kajitanda kanga, kikapu cha ukili begani, akasubiri niwamalize wanafunzi wawili waliokuwa wanatoa kopi za vyeti, walipoondoka ndo akasogea kaunta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, karibu. Tunatoa kopi?"

"Sio kopi. Nimekuja kuuliza. We si ndo mlikuja kule kwetu na yule bwana afya na mwalimu, mna makaratasi?"

"Ndo mimi mama."

"Haya. Ile sifuri ya shimo mlotupa, mlitupa kwa ajili gani?"

Hakuwa na hasira kabisa. Sauti ile ile angeulizia bei ya chumvi. Kumbe mtendaji wa mtaa wao alimwonyesha ile karatasi ya matokeo akaisoma mstari kwa mstari, na karatasi haina jina la jaji ila mji wetu huu ni mdogo na mwenye steshenari anajulikana.

Nikamjibu: "Mama, ilikuwa kwenye fomu."

"Ahaa. Kwenye fomu."

Akaweka kikapu vizuri begani, akaniaga, akaondoka.

Wiki ya tano sasa hivi. Nikifunga duka nakumbuka, nikiosha vyombo nakumbuka. Ndo maana naandika, labda nikiandika nitalala.

Ujaji nilioupata kwa mashine ya fotokopi

Msije mkafikiri nilichaguliwa kwa utaalamu. Wadau wa kata walitaka kushindanisha mitaa sita kwenye usafi na utunzaji wa mazingira, wakaleta fomu yao dukani kwangu niichape upya maana ile waliyokuwa nayo ilikuwa kopi ya kopi ya kopi, herufi zimeliwa pembeni. Nikaichapa, nikatoa nakala, nikabana na pini. Siku mbili kabla ya zoezi jaji mmoja akapata safari, basi wakaniangalia mimi: dada wewe si unaandikaga mambo ya mazingira huko mtandaoni, na fomu si unaijua?

Naijua ndiyo. Niliipiga chapa kwa vidole vyangu mwenyewe.

Maksi 100. Barabara na njia 20, mitaro 15, vyoo 15, ushiriki wa wananchi 20, mwonekano wa jumla 20, na uwepo wa shimo la taka 10. Kila mtaa ulitakiwa kuchagua wenyewe sehemu moja ya kutuonyesha, inaitwa "eneo la mfano", na shimo tulikuwa tunalitazama hapo. Nilipofika kwenye neno shimo kidole hakikusita hata kidogo. Si ndo usafi huo? Kila ofisi ya mtaa niliyoingia tangu utoto wangu kuna tangazo la choo bora na shimo la taka.

Tulikuwa watatu. Mwalimu mstaafu, mtu wa nidhamu, peni tatu mfukoni. Bwana afya, ambaye kwa kweli ndo peke yake alikuwa anajua anachokiangalia. Na mimi.

Mistari ya chelewa

Siku yenyewe tulizunguka na bajaji. Mitaa sita, siku moja, na ratiba ilishatumwa kwa wenyeviti wiki nzima kabla, pamoja na fomu. Ndiyo, pamoja na fomu. Tulitaka haki, watu wajiandae sawa.

Mtaa wa kwanza tulifika asubuhi mbichi, umande haujakauka. Upo jirani na bahari, mchanga mweupe, na uwanja mzima umefagiwa kwa chelewa mpaka ile mistari inaonekana, imepinda pinda kama nywele zilizochanwa. Watoto wakaimba. Mwenyekiti akatutangulia kwa pembeni ili asikanyage mistari, na sisi tukapita pembeni kama yeye, watu wazima watatu tunanyata ukutani.

Niseme ukweli, mistari ya chelewa ni udhaifu wangu. Nimelelewa Mikindani na bibi, na bibi alikuwa anafagia kabla jua halijatoka, akimaliza anasimama mlangoni anaangalia kazi yake kama mtu anayeangalia picha. Uwanja ukikutwa haujafagiwa saa mbili, majirani wanakuja kuuliza nani anaumwa. Kwa hiyo pale nilipoona ile mistari mkono wenyewe uliandika 18 kwenye mwonekano kabla kichwa hakijafika.

Wakatuonyesha shimo. Limechimbwa vizuri, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu, ndani safi.

Ndani safi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza shimo la taka linakuwaje safi.

Kumi juu ya kumi.

Kuna jambo lingine nalo nilikiri tu. Tulipewa juisi ya ukwaju na sambusa pale. Sio rushwa, huwezi kumkaribisha mgeni Mtwara ukamwacha na koo kavu, hata anayekuja kukudai anapewa maji. Ila nimezirudia zile fomu baadaye dukani, nikaona maksi zangu zinavyopanda na kushuka na tumbo. Mtaa wa nne tulifika saa nane tumetoka kula mihogo ya nazi na samaki, nikawa mkarimu kama tajiri. Mtaa wa sita tulikuwa hoi, nusu ya njia zake tulizihukumu tukiwa ndani ya bajaji.

Mtaa wa yule bi mkubwa aliyekuja dukani ulikuwa wa tatu. Saa sita kasoro, jua la utosini, njaa inauma, sambusa zimeshasahaulika.

"Sisi hatufukii"

Mwenyekiti wao alikuwa anatabasamu njia nzima, nilimshangaa. Akatupitisha kwenye kichochoro, tukatokea kwenye uwanja wa bi mkubwa, na ndo eneo la mfano lao.

Nilichokiona: viroba. Viroba vimepangwa kando ya ua wa makuti, vimejaa chupa za maji na soda mpaka vinatoa matumbo. (Viroba vya kubebea nasema, sio vile vya pombe vilivyopigwa marufuku mwaka 2017, maana kuna mtu atauliza.) Katikati wanawake watano wamekaa kwenye vigoda, mmoja anabandua lebo, mwingine anafungua vifuniko, mwingine anakanyaga chupa iwe bapa. Chini kuna marundo matatu, nzi wanazunguka, na kuna ile harufu ya soda iliyochacha juani.

Mistari ya chelewa hakuna. Itakaaje mistari mahali watu wanafanya kazi?

Kwenye fomu hakuna nafasi ya kuuliza swali, kuna nafasi ya kuandika namba tu. Kwa hiyo nikauliza lile moja lililokuwemo.

"Mama, shimo la taka liko wapi?"

"Shimo la nini mwanangu? Sisi hatufukii."

Wenzake wakacheka kidogo, sio kwa dharau, wakacheka kama mtu kaulizwa meno ya kuku yako wapi. Mwalimu akanitazama juu ya miwani. Nikaandika sifuri. Kwenye mwonekano nikaweka 9. Ile 9 naikumbuka kwa sababu kwanza niliandika 11, nzi mmoja akatua kwenye karatasi, nikakata.

Bwana afya alitaka kusema kitu. Aliinua mkono hivi, halafu simu yake ikaita.

Matokeo: mtaa wa kwanza 80, mtaa wa bi mkubwa 74. Hesabu mnaijua wenyewe, shimo lilikuwa na maksi 10.

Zawadi ilikuwa matoroli mawili, reki, na cheti nilichokiwekea laminesheni mimi mwenyewe bure kwa moyo mweupe. Matoroli yakaenda kwa watu wenye shimo, na watu wenye chupa wakaendelea kubeba kichwani.

Nilirudi mtaa wa kwanza

Baada ya lile swali la dukani nilikaa siku kumi najidanganya kwamba yamepita, halafu jioni moja miguu ikanipeleka mtaa wa washindi. Sikuaga mtu. Nilijiambia naenda kununua samaki.

Ilikuwa bamvua. Wa pwani tunajua, maji yakiwa ya bamvua yanajaa kuliko kawaida, na chini ya mchanga nako yanapanda, huyaoni ila yapo. Nikaenda moja kwa moja kwenye lile shimo letu la kumi juu ya kumi.

Maji yalikuwa yametoka kwa chini. Juu ya maji kuna chupa zinaelea, pampasi mbili zimevimba, majivu, mfuko wa unga. Na vyote vinapanda polepole na maji, nilisimama pale mpaka nikaona vimesogea kuja juu. Shimo linapumua jamani. Maji yakipwa linameza, yakijaa linarudisha.

Pembeni kuna alama nyeusi, wanachoma. Harufu ya plastiki iliyoungua haijifichi, inakaa kooni.

Mama mmoja alikuwa anaanua nguo, akanitambua. Nikamsalimia, nikamuuliza kwa upole hili shimo mnalitumiaje, akanishangaa.

"Dada, si nyie mlisema shimo? Ijumaa ilipokuja ile karatasi vijana wakachimba. Kabla ya hapo tulikuwa tunampa kijana wa guta anapeleka dampo. Sasa shimo lipo, hela ya guta ya nini?"

Hapo ndo miguu iliishiwa nguvu.

Nilikwenda kule nikitaka kukuta wadanganyifu, niwe na mtu wa kumlaumu. Nikakuta watu watiifu. Wamesoma fomu, wamefanya fomu inavyosema, wamepewa maksi. Shimo lile sijachimba mimi kwa jembe ila nimelichimba kwa kibodi, na sijui mitaa mingine mitano yalichimbwa mangapi wiki ile.

Na toroli? Moja nililiona, lina mchanga wa kujengea. Sina neno nao, toroli ni toroli.

Fomu ni ya zamani kuliko chupa

Nikamfuata bwana afya nyumbani kwake. Nilienda na moto kweli kweli, nimejipanga kumuuliza nyie wataalamu mnaletaje fomu ya namna hii. Akanipa kiti, akaniuliza: wewe ukiwa mdogo, bibi yako alikuwa anatupa nini?

Nikafikiria. Maganda ya mihogo. Maganda ya ming'oko. Miba ya samaki, majivu ya jikoni, majani ya mwembe, machicha ya nazi kama kuku hawajayawahi. Mabibo yaliyooza msimu wa korosho. Chupa ya kioo ilikuwa mali, inaoshwa inawekewa mafuta ya taa.

"Sasa hivyo vyote ukivifukia vinakuwa nini?"

Udongo.

"Basi fomu ilikuwa inasema kweli," akasema. "Shimo lilikuwa dawa. Nzi, kuhara, kipindupindu, vyote vilikuwa vinataka taka ifukiwe. Taka ndo imebadilika, karatasi haijaambiwa."

Hii kauli imenikaa. Fomu ile haikuandikwa na mjinga, iliandikwa na mtu mwenye akili kwa ajili ya taka ambazo siku hizi ni sehemu tu ya tunachotupa. Kisha likaja kopo la maji, ikaja pampasi, na kila aliyeipokea akaitolea kopi. Wa mwisho kuitolea kopi ni mimi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kweli ile ya kubebea rangi rangi iliyokuwa inapepea kwenye michongoma ikapungua tuliona kwa macho, ingawa vifungashio vile laini vya angavu watu wanavigeuza mfuko mpaka leo, nenda sokoni ukanunue dagaa uone. Ila chupa ilibaki. Na kwa huku kwetu chupa ina shida yake ya peke yake ambayo nilikuja kuelezwa na bi mkubwa mwenyewe, nitafika.

Nikamuuliza bwana afya siku ile ulitaka kusema nini ulipoinua mkono. Akasema alitaka kusema wale wanawake wapewe kumi ya shimo, kwa sababu swali la shimo maana yake ni taka yenu inaishia wapi, na wao jibu wanalo.

"Mbona hukusema?"

"Simu iliita. Nilipomaliza mlishaingia kwenye bajaji."

Hivi ndivyo mambo yanavyoamuliwa.

Nikaanza kutafuta majaji wengine

Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta watu wa aina yangu, maana nilijisikia mpweke, hakuna chama cha majaji wa uchafu Mtwara. Hapa nchini kuna yale mashindano ya kitaifa ya afya na usafi wa mazingira ya Wizara ya Afya, yanayofanya majina ya Njombe na Moshi yatajwe sana. Ila nilitaka kusikia kuhusu waliofanya kazi hii kwa miaka mingi, nikaishia Ireland, kwenye mashindano yao ya miji nadhifu yanayoitwa TidyTowns.

Wale walianza mwaka 1958. Yalianzishwa na bodi yao ya utalii, lengo ni miji ipendeze wageni wanapokuja, na mshindi wa kwanza alikuwa kamji kadogo kanaitwa Glenties, huko Donegal. Yaani na wao walianza na mistari ya chelewa, ya namna yao. Lakini ukitazama wanachopigia maksi siku hizi, unadhifu na kudhibiti taka ni kipengele kimoja tu, kuna kingine cha viumbe na uoto, na kingine cha uendelevu, yaani mnatumiaje na mnapunguzaje kabla hata taka haijawa taka. Fomu yao imekuwa inakua. Yetu inatolewa kopi.

Kilichonikamata lakini sio maksi. Majaji wao wanapita mwezi wa 6 na wa 7, na siku hawaitaji. Wanakuja kimya kimya, wanatembea, wanaondoka. Halafu kila mji ulioshiriki, mpaka wa mwisho kabisa, unaandikiwa ripoti: hiki tumekipenda, hiki hatukukielewa, hapa mngefanya hivi. Na ripoti ziko wazi, yeyote anasoma. Jaji anahukumu, kisha anasimama hadharani na sababu zake.

Sisi bi mkubwa tulimwandikia 0.

Kuna na ile bendera ya bluu wanayopewa fukwe safi, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985. Ile hawatazami mchanga peke yake, wanapima na maji, na bendera ni ya msimu mmoja, mkiharibu katikati inaweza kushushwa. Nilipousoma mstari ule nilikiona kile cheti chetu chenye laminesheni, hakiozi, hakishushwi, kitakaa ukutani na shimo linaelea.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi tuwaige. Hebu fikiria jaji anakuja kimya kimya Mtwara. Wapi! Mgeni akiingia mtaani na karatasi, dakika tano wote wanajua, na tangu enzi za gesi mtu mwenye karatasi na kalamu huku anatazamwa mara mbili, wengine watasema ni wa mradi, wengine wa kodi, wengine amekuja kupima viwanja. Na bahari nayo haikai kimya. Mtaa wa pwani ukipita wakati wa kusi unakuta kitu kingine, wakati wa kaskazi kitu kingine, bamvua moja inaleta ufukweni taka ambazo hakuna hata mtu mmoja wa mtaa ule aliyezitupa. Utampa nani maksi hapo, au utamnyima nani?

Mwalimu nilimpigia kumweleza haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, ukigeuza matokeo sasa, utakuwa umewadhulumu waliofuata maelekezo. Mtihani ukishafanyika, kosa la swali ni la mtunzi, usimnyang'anye mtoto maksi."

Nilitaka kubishana. Sikuweza. Yuko sahihi, na mimi ndo nilikuwa mmoja wa watunzi.

Ripoti

Nikaamua kufanya kitu kimoja tu kilichopo kwenye uwezo wangu. Nikaandika ripoti ya mtaa ule, ukurasa mmoja, kwa mkono kwanza halafu nikaichapa. Ilinichukua jioni tatu, kuliko muda wote niliotumia kuwahukumu. Nilipofika kwenye sifuri nikaandika kwamba swali lilikuwa na kosa na kwamba kosa ni letu. Nikafuta. Nikaandika tena.

Jumamosi nikaenda.

Bi mkubwa alikuwa pale pale, kigoda kile kile. Nikasalimia, nikasema nimeleta maelezo ya ile sifuri. Akasema macho yake na karatasi hayapatani siku hizi, nisome kwa sauti, wenzake wakasogea. Nikasoma. Nilipofika kwenye neno kosa sauti ilipungua wakaniambia paza.

Hakusema asante wala hakusema nimekusamehe. Akasema, "Kaa basi tukueleze, maana siku ile mlikuwa mnakimbia."

Nikakaa. Nikaelezwa kwamba chupa ni upepo mtupu, ukiijaza kwenye kiroba bila kuikanyaga unauza hewa, na mnunuzi hanunui hewa, ananunua kilo. Kwamba kifuniko ni plastiki nyingine kabisa na chupa, ndo maana marundo yanatengwa, ukichanganya bei inashuka. Kwamba wanunuzi wakubwa wako Dar, na kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo gari haliji kwa viroba viwili vitatu, linakuja mzigo ukijaa, na msimu wa korosho ndo kabisa, nafasi kwenye gari husikii. Ndo sababu viroba vinakaa ukutani miezi. Ndo sababu nzi. Ule uchafu nilioupa 9 ulikuwa foleni ya kusubiri gari.

Maganda ya jikoni? Mbuzi, na yanayobaki yanaenda kwenye mchicha nyuma ya nyumba. Nikaonyeshwa mchicha.

"Na pampasi?" Niliuliza kwa sababu nilishajifunza kuuliza.

Wakatazamana.

"Hizo zimetushinda," akasema yule anayekanyaga chupa. "Hizo tunampa wa guta, na yeye sijui anazipeleka kweli dampo au anazimwaga mikokoni. Hapo ndo mngetupa sifuri, tusingesema neno."

Nikaongeza mstari wa pampasi kwenye ripoti kwa peni, pale pale magotini.

Bi mkubwa akaniomba nirudie kusoma sehemu ya katikati, ile ya eneo la mfano. Nikasoma: "Eneo lilikuwa na viroba 11 vya chupa zilizochambuliwa..."

"Kumi na moja?"

"Ndiyo mama, nilihesabu."

"Ulihesabu vya ukutani. Nyuma ya choo kulikuwa na vitatu, hukufika. Njoo."

Akainuka, akanishika mkono kama mtoto, tukazunguka nyuma. Tukahesabu wote kwa sauti, yeye anagusa kila kimoja kwa kiganja. Nikakata 11, nikaandika 14, akasema weka na tarehe.